Barua ya wazi kwa Amidi wa Kitivo cha Sheria: Tufungulieni mihadhara ya umma

Kwa Amidi,
Kitivo cha Sheria.

YAH: MIHADHARA NA MAKONGAMANO YA UMMA YASIYOFIKIWA NA WANANCHI

Mheshimiwa Amidi,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata inayopakana na chuo. Wanaokuja kwenye meza yangu pale ofisi ya kata ni wajane wanaonyang'anywa mashamba na mashemeji, vibarua waliofukuzwa bila kulipwa, wapangaji waliotolewa vyombo nje, mabinti walioachiwa watoto bila matunzo. Sina shahada ya sheria. Nina mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, nafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017, na nina mambo mengi niliyoyapata nikiwa nimekaa viti vya nyuma katika ukumbi wa kitivo chako, wakati mihadhara yenu ya umma ilipokuwa bado inafikika. Ni humo ukumbini nilipoelewa sawasawa kwamba mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na kwamba mke ana njia ya kuweka zuio kabla mambo hayajaharibika. Maelezo yale ya jioni moja yameokoa nyumba za watu ninaosalimiana nao kila siku.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu njia za faragha tumezimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hapo ndipo ilipoishia. Nilipokumbushia, niliambiwa kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Nikaomba miadi; nikaelekezwa kwa afisa uhusiano, afisa uhusiano akanirudisha kitivoni. Wenzangu wa kata jirani waliandika barua ya pamoja, wakaambatisha majina na saini, nayo haijajibiwa. Hatukuomba fedha wala ajira. Tuliomba kuingia kwenye mihadhara ambayo mabango yenu yenyewe yanatualika.

Kabla sijaorodhesha hoja, naomba nikumbushe jambo unalolijua kuliko mimi. Elimu ya juu ya sheria katika nchi hii haikuanzia nyuma ya geti. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Hakikuwa na majengo yake. Wanafunzi wale wa mwanzo, ambao hawakufika hata ishirini, walisomea katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kandokando ya Mnazi Mmoja na Kariakoo, kwenye pilikapilika za watu. Mlimani kulihamiwa baadaye, mwaka 1964. Na hata huko juu, kabla miaka ya 1960 haijaisha, walimu na wanafunzi wa sheria walikwisha kuanzisha kamati ya msaada wa kisheria kwa watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Vitivo vyote vya sheria vilivyokuja baadaye, na chako kikiwemo, vimerithi desturi hiyo. Hatudai kitu kipya. Tunadai kile ambacho waliowatangulia walikiona kuwa sehemu ya kazi yao.

Hoja zetu ni hizi.

1. Saa na mahali.

Karibu mihadhara yote siku hizi huwekwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Saa nne mama lishe yuko jikoni, fundi yuko saiti, mwalimu yuko darasani, na mimi nina foleni ya watu ofisi ya kata. Zamani ilikuwa saa kumi na moja jioni, na watu walikuwa wanasimama madirishani kwa kukosa viti. Tena kongamano kubwa la mwaka limehamishiwa hotelini mjini, mahali ambapo mtu aliyetoka shambani na kandambili zake hathubutu hata kuuliza mapokezi ukumbi uko wapi.

2. Geti na fomu.

Bango linasema "Wote mnakaribishwa". Getini mlinzi anataka kitambulisho cha chuo, au jina lako alione kwenye orodha. Orodha inatokana na fomu ya mtandaoni, ambayo hufungwa siku kadhaa kabla ya tukio na inakulazimisha ujaze taasisi unayotoka na cheo chako. Mkulima ajaze cheo gani? Mwenye simu ndogo ya vitufe aifungue fomu hiyo kwa kitu gani? Nimeshuhudia mzee aliyepanda daladala mbili akigeuzwa getini, huku amekunja mkononi kipande cha gazeti chenye tangazo la mhadhara. Mlinzi hakuwa na kosa. Alikuwa anafuata maelekezo, na maelekezo yale yanatoka ofisini kwenu.

Walioweza kupita wanakutana na mengine. Ukumbi uko ghorofani, na mwenye kiti cha magurudumu hubebwa mikononi na vijana kama mzigo. Mkalimani wa lugha ya alama hayupo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inafundishwa katika madarasa yaleyale yaliyo pembeni ya ukumbi huo.

Mheshimiwa Amidi, mahakama zetu, ambako mtu anaweza kuhukumiwa kifungo cha maisha, husikiliza mashauri milango ikiwa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuingia, akae, asikilize, mradi atulie. Kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria, majaji na mahakimu huacha ofisi zao wiki nzima, wakakaa kwenye mabanda viwanjani na kueleza watu sheria ana kwa ana. Kama Jaji anaweza kumfuata mwananchi kwenye turubai, chuo kinashindwaje kumfungulia mlango mwananchi aliyekifuata mwenyewe?

3. Lugha.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea hata tukifanikiwa kuingia.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kutamka kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na kwamba mahakama na mabaraza ya kutoa haki yatumie Kiswahili, Kiingereza kikibaki pale mazingira yanapokilazimu. Lilikuwa jambo kubwa. Kitivo chako kikaandaa kongamano kulijadili, na kongamano hilo likaendeshwa kwa Kiingereza tangu ufunguzi hadi neno la shukrani. Nilikaa mpaka mwisho. Karibu na mimi walikuwapo wazee wawili wa baraza la kata, watu ambao mabadiliko yale yaliwahusu kuliko wengi waliokuwa meza kuu. Waliondoka wakati wa chai. Iliniuma kuwaona wanatoka kimyakimya, wakiwa na adabu zao zote, kwenye mjadala uliohusu haki yao ya kuelewa.

Mfano wa pili unanikaa moyoni zaidi kwa sababu nauishi kila wiki. Mwaka huohuo wa 2021 sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi nayo ilirekebishwa. Mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiziwa usuluhishi tu. Baraza lisiposuluhisha ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika kata nyingi habari hii ilifika kwa uvumi. Kuna watu walioendelea kupewa "hukumu" za mabaraza ya kata zisizo na nguvu yoyote. Wakazishangilia, wakapanda mazao kwa kuziamini, kisha wakaja kung'olewa mwaka uliofuata. Kuna wengine waliozungushwa miezi na miezi wakisubiri uamuzi wa chombo ambacho hakikuwa na uwezo tena wa kuamua. Kitivo chako kina walimu walioandika juu ya marekebisho haya kwa kina. Mhadhara mmoja wa Kiswahili, jioni moja, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa mabaraza wakiwa wamealikwa, ungezuia machozi mengi. Mhadhara ulifanyika, nao ulikuwa wa kitaalamu sana, lakini ulikuwa wa Kiingereza, asubuhi ya Jumanne, mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga baraza la kata.

Sipingi Kiingereza. Wageni kutoka nje wazungumze lugha wanayoiweza, na wanafunzi wajizoeze lugha ya vitabu vyao. Lakini mzungumzaji anapokuwa Mtanzania, anazungumza na Watanzania, juu ya shamba la Mtanzania, sioni sababu ya kutuweka nje ya mazungumzo hayo. Na wengi wa wazungumzaji hao ni hodari wa Kiswahili. Tunawasikia wakati wa chai wakieleza jambo lilelile kwa dakika tano, likaeleweka kuliko mhadhara mzima.

4. Maswali ya wasikilizaji.

Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na kama utatekeleza jambo moja tu katika barua hii, naomba liwe hili.

Ratiba huandikwa saa mbili. Unaanza utambulisho wa meza kuu, cheo kwa cheo. Zinafuata salamu za mfadhili, salamu za uongozi wa chuo, wasifu wa mzungumzaji unaosomwa ukurasa baada ya ukurasa, nasaha za mgeni rasmi, kisha picha ya pamoja inayopigwa mapema kwa kuwa mgeni rasmi ana majukumu mengine. Mzungumzaji mwenyewe, mtu aliyejiandaa kwa miezi, anaanza akiwa amechelewa na anaharakishwa kwa vikaratasi vya "dakika tano". Anapomaliza, mshereheshaji anatangaza kwamba muda umetutupa mkono, kwa hiyo yatachukuliwa maswali matatu. Yote matatu huenda safu za mbele, na aghalabu moja kati yake huwa ni pongezi.

Siku hizi hata hayo matatu hayaulizwi kwa mdomo. Maswali yanaandikwa kwenye karatasi, yanakusanywa na wanafunzi, yanapelekwa kwa mwongoza mjadala, naye anachagua ya kusoma. Anayechaguliwa swali lake hapewi nafasi ya kusema "samahani, hujanijibu". Asiyechaguliwa hajui kwa nini.

Niliwahi kwenda na mama mmoja wa kata yetu kwenye mhadhara uliohusu haki za mtoto wa kike. Ana binti. Alikuwa amesikia redioni kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, kuwa vinakwenda kinyume na Katiba, na kwamba Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Swali lake lilikuwa fupi: kama mahakama ya juu kabisa imekwisha kusema, kwa nini miaka imepita na vifungu havijarekebishwa, na mimi nikimzuia baba yake asimwoze binti yangu leo, nisimamie wapi? Niliandika swali hilo kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa. Halikusomwa. Lilisomwa swali juu ya mbinu za utafiti alizotumia mzungumzaji.

Mheshimiwa Amidi, lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika ukumbi ule. Ndani yake kuna nguvu ya hukumu za mahakama, mipaka ya Bunge na mahakama, na namna sheria inavyotekelezwa pale uamuzi unapotoka na kitabu cha sheria kikabaki kama kilivyo. Profesa yeyote angetamani mwanafunzi wake aliulize. Liliulizwa na mama aliyeishia darasa la saba, na ukumbi wako haukulisikia.

Mhadhara ninaweza kuusoma nyumbani kama ukichapishwa. Nisichoweza kukipata nyumbani ni yule mwenye ujuzi kusimama mbele ya yule anayeguswa na sheria, akaulizwa, akatafuta jibu mbele yetu, na pengine akakiri kwamba sheria hapo ina pengo. Hapo ndipo wanafunzi wenu nao wangejifunza jambo ambalo hakuna mtihani unaolipima. Mlimani ya enzi za Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha pale, inakumbukwa hadi leo kwa mabishano yake, watu wakipingana mchana kweupe juu ya mambo mazito ya nchi na bara zima. Mwaka 2009, Kigoda cha Mwalimu Nyerere chini ya Profesa Issa Shivji kilipoanzisha tamasha la kitaaluma pale Mlimani na kumleta Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, wengi tulipata matumaini kwamba desturi ya chuo kuzungumza na nchi inahuishwa. Kuzungumza na nchi kunahitaji nchi nayo ipewe kipaza sauti.

5. Mihadhara inayofutwa bila maelezo.

Mhadhara juu ya mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, ulitangazwa, bango likabandikwa, na kesho yake likaondolewa. Tuliokwenda tulikuta mlango umefungwa, na hakuna aliyekuwapo wa kutueleza. Huo haukuwa mhadhara wa kwanza kuyeyuka namna hiyo.

Mada yenyewe ni sehemu ya historia ya sheria ya nchi hii. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu katika miaka ya 1990 mbele ya Jaji Lugakingira. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ikaamua kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama kunavunja haki zake. Safari ya miaka karibu ishirini, ngazi tatu za mahakama, mwananchi mmoja! Kama kitivo cha sheria hakiwezi kuijadili mbele ya watu, nani mwingine ataijadili kwa utulivu na kwa kusoma hukumu zenyewe? Jambo hilo likikosa ukumbi wa chuo halifi. Linahamia kijiweni, ambako hakuna aliyeisoma hukumu.

Simtuhumu mtu. Mzungumzaji anaweza kuugua, na ukumbi unaweza kupata hitilafu. Lakini Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa juu ya masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ikafuata. Ninyi ndio mnaoifundisha ibara hiyo. Tukio likifutwa, tuambieni sababu kwa maandishi na tarehe mpya. Ukimya unawafanya watu wajijazie sababu zao, na hilo halikijengei kitivo heshima.

6. Kumbukumbu.

Mihadhara hurekodiwa kwa kamera, kisha rekodi haionekani. Mada zilizoandikwa hugawiwa meza kuu. Mahakama ya Tanzania imeweka hukumu zake bure kwenye tovuti ya TanzLII, na mtu yeyote mwenye bando dogo anaisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani akiwa kijijini. Kitivo kinashindwa vipi na mada yenye kurasa ishirini?

Sasa, Mheshimiwa, ninajua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimekwisha kupewa kwa mdomo.

La kwanza ni usalama. Tunakubali kukaguliwa. Tukaguliwe mifuko, tuandike majina yetu na namba za simu kwenye daftari la getini, tuoneshe kitambulisho cha Taifa au cha mpiga kura. Usalama unatosheka na hayo. Cheo na taasisi havimfanyi mtu kuwa salama.

La pili ni ukumbi mdogo. Katika mihadhara niliyohudhuria karibuni, safu za mbele zilizotengwa kwa wageni maalumu zilibaki tupu hadi mwisho, huku wanafunzi wamekaa sakafuni. Na pale ukumbi unapojaa kweli, spika mbili zikiwekwa uani zinatosha. Tumezoea kukaa chini ya mti.

La tatu ni wafadhili. Nimeambiwa kwamba mfadhili ndiye anayetaka hotelini, na ndiye anayetaka Kiingereza. Naamini kitivo kina uwezo wa kumwambia mfadhili mahali na lugha inayowafaa walengwa. Fedha ya kukodi ukumbi wa hoteli kwa siku moja inaweza kulipa wakalimani wa mihadhara kadhaa.

La nne linastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu lina ukweli ndani yake: kwamba tukiruhusiwa kuuliza, tutaleta kesi zetu binafsi, na mjadala utageuka kuwa baraza la usuluhishi. Ni kweli, mtu mwenye dhiki hueleza dhiki yake. Kwa hilo dawa ipo. Mwongoza mjadala mzuri anajua kumwambia mtu, kwa heshima, "mama, swali lako la sheria ni hili", akalitoa ndani ya simulizi na kumpelekea mzungumzaji. Na nje ya mlango iwekwe meza ya msaada wa kisheria, wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wakiwa na mwalimu wao, ili yule mwenye shauri lake asikilizwe baada ya mhadhara. Mtapunguza kelele ukumbini, na wanafunzi watapata mafunzo. Sisi wasaidizi wa kisheria tuko tayari kukaa kwenye meza hiyo bila posho.

La tano husemwa kwa sauti ya chini: kwamba maswali ya watu yatakuwa ya kisiasa. Swali la ardhi ni la kisiasa? La ndoa za watoto? La mshahara wa kibarua? Sheria zote hutungwa na wanasiasa, na kila anayeziuliza atakuwa karibu na siasa. Kazi ya chuo ni kulipokea swali hilo na kulijibu kisheria. Anayetukana au kufanya kampeni, mwongoza mjadala amnyamazishe. Hatutalalamika.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, na tunaomba yaanze muhula ujao.

Mhadhara wowote unaotangazwa kuwa wa umma ufanyike chuoni, jioni au Jumamosi, na mtu aingie kwa kujiandikisha getini. Tangazo libandikwe pia kwenye mbao za ofisi za kata zinazowazunguka, mahakama za mwanzo na stendi, na lisomwe kwenye redio za jamii, angalau wiki mbili kabla.

Nusu ya mihadhara ya kila muhula iendeshwe kwa Kiswahili. Iliyobaki iwe na ukalimani, au walau muhtasari wa kurasa mbili wa Kiswahili utakaogawiwa mlangoni. Mkalimani wa lugha ya alama awepo kila mara, na ukumbi uwe wa chini hadi mtakapoweka njia ya magurudumu.

Theluthi moja ya muda wote iwe ya maswali, kwa mdomo, kwa kipaza sauti kinachozunguka hadi viti vya nyuma, na muda huo usiguswe hata salamu zikichelewa. Kama kuna cha kukatwa, zikatwe salamu.

Mada na rekodi ziwekwe wazi ndani ya wiki moja. Tukio likifutwa, sababu na tarehe mpya zibandikwe mahali palepale palipokuwa na tangazo.

Mwisho, kamati inayopanga mihadhara iwe na wajumbe wawili kutoka nje ya chuo, mmoja msaidizi wa kisheria na mmoja kutoka serikali za mitaa, wenye haki ya kupendekeza mada. Mada tunazo: mirathi kwa wanaoishi bila ndoa rasmi, dhamana polisi, mikopo ya vikundi na kuchukuliwa vyombo vya ndani, hatimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mikataba ya madereva wa bodaboda na wenye pikipiki. Hili la mwisho halijaguswa na mtu yeyote ukumbini kwenu, na vijana wanapoteza fedha zao kila siku kwa mikataba wasiyoielewa.

Katika taarifa zenu za mwaka mihadhara hii huhesabiwa kama huduma kwa jamii, na walimu huitaja wanapoomba kupanda vyeo. Hatuoni kinyongo, wanastahili. Tunachoomba ni jamii hiyo iwepo ukumbini wakati huduma inapotolewa kwa jina lake.

Tuko tayari kukutana nawe siku na saa utakayoitaja, tukiwa wawakilishi watatu, bila waandishi wa habari kama ndivyo utakavyopenda. Naomba jibu la maandishi kabla ratiba ya mihadhara ya muhula ujao haijachapishwa. Ikichapishwa bila mabadiliko wala jibu, tutapeleka hoja hizi hizi mbele ya Baraza la Chuo, na siku ya mhadhara wa kwanza tutakuja getini kwa amani, na vitambulisho vyetu mkononi, tukiomba kuingia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
kwa niaba ya wasaidizi wa kisheria wa kata zinazopakana na chuo.

Nakala kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Watendaji wa Kata husika